Mlango Uelekee Barabara

Jumatatu, 2 Septemba

Afisini tangu asubuhi. Rasimu ya mwongozo wa maji na vyoo vijijini imerudi tena kutoka wizarani Unguja, safari hii ina mistari myekundu michache. Nimepewa nihakiki nukta na mikato. Kazi ya mwanafunzi. Nimeifanya huku natingisha mguu chini ya meza mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniomba niache.

Watu wanadhani serikali hukaa ikaandika. Serikali hukaa ikasubiri iletewe kilichoandikwa. Nusu ya maneno ya mwongozo huu yametoka hapa kwetu, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, Chake, Pemba. Sisi tunaandika "lazima", wao wanafuta wanaweka "inashauriwa", sisi tunarudisha "lazima". Maalim Massoud, mkuu wa jumuiya yetu, amezeekea kwenye neno hilo. Zamani alinifundisha jiografia skuli, sasa ananifundisha subira. Kwenye jiografia nilifanya vizuri zaidi.

Alhamisi, 5 Septemba

Kifungu cha bomba kimepita bila kuguswa. Hiki ni chetu. Kijiji hakiunganishiwi maji mpaka kila nyumba iwe na choo kilichofuata mchoro wa mwongozo, na choo hicho kiwe kinatumika. Maji mengi bila vyoo huleta maradhi, tulisema, na ni kweli.

Kwetu kijijini, Shumba, vyoo vimekwisha kujengwa. Matofali, bati juu, sinki jeupe la kuchutamia. Bomba kubwa limeishia njia panda, linasubiri ukaguzi tu. Mama bado anateka kisimani bondeni, na magoti yake yanalia kuliko ndoo. Nimempigia simu kumwambia bado kidogo. Akasema inshallah, akabadilisha mazungumzo. Ningepaswa kushituka pale pale. Sikushituka.

Jumapili, 8 Septemba

Nimelala kwa mama. Msimu wa karafuu, kijiji chote kinanukia, majamvi yameanikwa mpaka ukingoni mwa barabara. Asubuhi nimeomba ufunguo wa choo kipya. Mama akaanza kunizungusha. Mara ufunguo hauonekani, mara kitasa kibovu, mara niende tu kile cha zamani cha makuti kule migombani, hicho ndicho chenye upepo. Ufunguo nikauona umefungwa pembeni mwa kanga yake. Nikauchukua kwa mzaha.

Choo kimejaa magunia ya karafuu mpaka usawa wa dirisha. Sinki limefunikwa jamvi. Halijaguswa hata na tone la maji.

Kwanza nilicheka. Kisha nikaenda kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Kuku. Kuni. Nyavu za samaki. Kuku tena. Sijaona choo hata kimoja kinachotumika.

Mama hakutaka kusema, mambo ya chooni hayasemwi. Nimemwandama mpaka jioni, anakuna nazi, hanitazami. Mwisho akaniuliza kibla kiko wapi. Nikamwonesha kaskazini, hilo kila mtoto wa Pemba analijua.

"Na mlango wa choo chenu weye na wenzio, unatazama wapi?"

Basi. Mwongozo wetu unasema mlango uelekee barabara, ili mkaguzi akipita auone kama upo na unafungika. Na anayechutama anautazama mlango, ndivyo sinki lilivyomwagiwa zege. Tulifanyia majaribio Mtambile. Barabara ya kule inakwenda kusini na kaskazini, kwa hiyo milango inatazama mashariki au magharibi, na hakuna aliyeona kasoro. Barabara yetu ya Shumba imekata upande, mashariki kwenda magharibi. Nyumba za mkono huu zinachutama kuelekea kibla, za mkono ule zinakipa mgongo, na yote mawili tumekatazwa. Sijui ipi mbaya zaidi.

Na walipoulizwa mkutanini kama wameridhika, walijibu wameridhika, wanashukuru. Zawadi ya mgeni haikosolewi, tena mbele ya wake kwa waume, tena choo. Mficha uchi hazai, lakini nani aanze?

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemwambia Maalim. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Kaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aende mwenyewe akaone kuku wa Shumba tulivyowajengea vizuri.

Hakucheka. Mwongozo unatiwa saini mwisho wa mwezi, na mradi wa wafadhili unafungwa siku hizo hizo. Kasema ukifungua sentensi moja, wapo watu wizarani wanaoingoja hiyo nafasi, watazifungua zote. Mashimo ya vyoo yakae mbali na visima. Wanawake wawe nusu ya kamati za maji, lazima. Kavitaja vifungu kwa vidole. Kila kidole kina miaka yake.

Najua ana haki. Ndiyo maana nimetoka nikaubamiza mlango.

Jumatano, 11 Septemba

Nimetafuta njia ya panya. Nimempigia bwana afya, yule atakayekuja kukagua, nikamuuliza: choo kikigeuzwa ubavu, kitahesabiwa? Hakihesabiwi. Mchoro ni mchoro. Nikamuuliza kama watu hawawezi kujigeuza wao wenyewe juu ya sinki. Akaguna. Nikakumbuka kwamba nazungumza na mtu mzima, anayenijua kwetu na aliyemjua marehemu baba. Masikio yalinichoma mpaka adhuhuri.

Ijumaa, 13 Septemba

Siwezi kukaa. Nimelipanga upya kabati la afisi. Halafu nikalipanga tena.

Jumanne, 17 Septemba

Mkutano wa wadau, ukumbi wa hoteli. Chupa ya maji kila kiti, sambusa, bahasha za nauli. Mkurugenzi Haroub wa wizarani kavuka kutoka Unguja kuja kupokea maoni ya mwisho, maana yake kuja kupigiwa makofi. Maalim alinikataza nisiseme. Hakunikataza kwa mdomo. Aliniweka kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni.

Nikasimama hivyo hivyo. Nikasema kibla. Mtu akakohoa, halafu wale wa mjini wakacheka. Haroub hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akanijibu taratibu: katika madhehebu yetu, ndani ya jengo kuna ruhusa, masheikh wameshalieleza, tusirudishe maendeleo nyuma kwa mambo madogo. Fiqhi anaijua. Ruhusa kweli ipo. Nikakaa kama niliyesukumwa.

Mzee mmoja wa kijiji cha Ole aliyekuwa kando yangu kanisogezea sambusa yake. Nimeila kwa hasira. Ilikuwa baridi.

Jumatano, 18 Septemba

Mama kashasikia. Kutoka Chake hadi Shumba kwa gari ni mwendo, kwa maneno ni kikohozi. Nilitaraji anigombeze kwa kutaja choo mbele za watu. Kaniuliza tu mkurugenzi kajibu nini. Nikamwambia, kasema ruhusa ipo.

"Ruhusa ya mwenye dhiki hiyo, mwanangu. Mie dhiki yangu n'ni, na shamba lote hili la kujigeuza?"

Ningekuwa na sentensi hiyo jana!

Kisha kasema bomba lisipokuja basi, kisima kipo, kilikuwepo kabla ya wizara. Kajichangamsha. Hakuniambia kwamba mwezi uliopita aliteleza pale bondeni na ndoo kichwani. Shangazi ndiye aliyeniambia, baada ya mama kumpa simu na kuondoka. Nimelia kidogo, halafu nimevunja kikombe kwa bahati mbaya, halafu nimelia kwa ajili ya kikombe.

Alhamisi, 19 Septemba

Jambo la ajabu. Mama kanipigia kuuliza Maalim wangu ana nini. Kafika Shumba peke yake adhuhuri, kasimama kando ya barabara, kachomeka kijiti ardhini, kakaa juu ya jiwe anakitazama kivuli. Watu wakampelekea dafu. Kashukuru, kanywa, kaondoka. Hakuingia nyumba hata moja.

Kijiti na kivuli. Ndivyo alivyotufundisha kuitafuta kaskazini, darasa zima uani, jua linatuchoma utosini.

Alasiri ratiba ya ziara ya mkurugenzi imetolewa. Wageni wetu wote Maalim huwapeleka Mtambile, toka zamani. Jina hilo limekatwa kwa kalamu, limeandikwa Shumba, kwa hati yake. Nikamtazama. Akasema Mtambile wamechoka kutuona.

Jumatatu, 23 Septemba

Kesho. Nimemsihi mama kwa simu: karafuu ziacheni humo humo. Msifagie, msideki, mwacheni aone. "Mgeni?" kasema, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Simu ikakatika, au kaikata.

Jumanne, 24 Septemba

Nimeyaona kwa macho yangu na bado siamini ninavyoyaandika.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Nilishuka garini nikatazama choo cha mama, moyo ukashuka nao. Magunia hamna. Kuku hamna, kijiji kizima. Vyoo vimedekiwa, vinanukia sabuni, kila mlangoni kopo jipya la plastiki. Funika kombe mwanaharamu apite. Sheha Faki, kiongozi wa kijiji, akatoa shukrani ndefu. Mkurugenzi akauliza kama wananchi wameridhika. Wameridhika. Na kina mama je? Wameridhika. Mama yangu, mzazi wangu mwenyewe, akaitikia kwa kichwa! Nilitaka kupiga ukelele. Maalim alikuwa ametazama pembeni, upande wa kaskazini.

Basi, nikajisemea, yamekwisha. Watatia saini, bwana afya atakuja siku yake, atakuta kuku wamesharudi, na kijiji kitafutwa kwenye orodha ya bomba. Mama atateka bondeni mpaka siku atakayoteleza asiinuke.

Chakula kilikuwa kwa mama. Wali wa nazi, changu wa kupaka, pweza, na madafu. Mgeni akimaliza dafu moja linachongwa jingine, akikataa linachongwa hivyo hivyo. Hiyo si hila, ndivyo tulivyo. Baada ya muda Haroub akamnong'oneza sheha. Sheha akanyanyuka kwa heshima zote, akampeleka choo cha mama kwa kuwa ndicho kizuri kuliko vyote, akamkabidhi kopo lililojaa maji. Mlango ukafungwa.

Sisi wanawake tulikuwa uani, tunaona kila kitu na tunajifanya hatuoni.

Mlango ukafunguka. Mapema mno. Kopo bado limejaa, maji yanachuruzika kwenye suruali yake ya gharama. Akasimama mlangoni, akatazama barabara. Akautazama msikiti wa ng'ambo ya barabara, na mihrabu yake ilivyotokeza ukutani, imeelekea kule kule alikokuwa ameelekea yeye alipochutama. Akamwita sheha, akamuuliza kitu kwa sauti ndogo. Sheha akatangulia tu. Wakaizunguka nyumba, wakapotea migombani, kwenye kile cha makuti.

Hakuna aliyecheka. Wallahi hakuna. Mama aliinama akazipanga sahani ambazo zilishapangwa. Mimi niliuma kanga mpaka meno yakauma.

Aliporudi alinawa, akakaa, akanywa kahawa. Juu ya mwongozo hakusema lolote. Wakati wa kuaga alimwendea mama akamshukuru kwa chakula.

"Tuwie radhi baba," mama akamwambia. "Kwetu ndo hivi."

"Kwetu pia, mama," akasema Haroub.

Basi. Njia nzima kalala garini, au kajifanya amelala.

Jumatatu, 30 Septemba

Mwongozo haujatiwa saini. Hakuna maelezo. Mradi umefungwa leo na wafadhili wanatuletea barua pepe zenye adabu kali. Maalim hazijibu. Mimi hanisemeshi zaidi ya salamu.

Nimeharibu. Kama wamerudisha yote mezani, basi mama hana bomba na Pemba nzima haina mwongozo, kwa sababu mimi sikuweza kukaa kiti changu cha nyuma. Nimetoka afisini nikatembea bila pa kwenda mpaka viatu vikaniuma, nikavivua, nikarudi peku.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kimya. Mvua imejaribu, imekata. Najibu watu vibaya. Mwenye duka la vitambaa kaniuliza kama nimefiwa.

Jumatano, 23 Oktoba

Umetiwa saini! Umekuja asubuhi kwa barua pepe bila hata salamu. Nimeruka moja kwa moja kwenye kurasa za vyoo. Palipoandikwa mlango uelekee barabara, sasa pameandikwa uelekee upande watakaouridhia wenye nyumba, kwa kuzingatia kibla. Mchoro nao umebadilishwa. Shumba haikutajwa, wala ruhusa haikutajwa. Nilipiga ukelele mpaka mwenye duka akapanda ngazi mbio.

Halafu Maalim akanifungulia ukurasa mwingine. Kamati za maji. Wanawake kuwa nusu, inashauriwa.

Inashauriwa. Mtu kaukuta mlango wazi kapita nao, kama alivyonambia Maalim. Kitumbua kikaingia mchanga. Nilimngojea anilaumu. Hakunilaumu, na lawama ingenifaa zaidi. Kafunga kompyuta, kasema kesho tunaanza tena na lazima. Anazeeka.

Ningerudishwa nyuma ningesimama tena ukumbini, najua. Na bado imeniuma siku nzima.

Jumapili, 10 Novemba

Shumba. Nyundo kila upande. Fedha za kugeuza vyoo hakuna, kwa hiyo wanageuza wenyewe kwa kusaidiana, leo nyumba hii, kesho ile. Mlango wa zamani unazibwa matofali, mwingine unatobolewa ubavuni, na zege linavunjwa polepole ili sinki lipone. La mama limepata ufa pembeni. Kasema si kitu, ufa hauna kibla.

Karafuu zimehamia chumbani kwangu. Kichwa kinaniuma kwa harufu na nimefurahi.

Mwanamke wa nyumba ya tatu kaniuliza kama ni kweli sasa si lazima wao wawemo kwenye kamati ya maji. Nikamwambia si lazima, ila haikukatazwa. Kafikiri, anafikicha udongo mikononi. Kasema basi watakwenda bila kuitwa, kwani msibani huitwa nani?

Jumatatu, 16 Desemba

Bwana afya kakagua Shumba. Kanipigia simu kulalamika: milango haionekani tena kutoka garini, imembidi ashuke, aende nyumba kwa nyumba, akaribishwe, anywe. Kaona vyoo vyote. Kavihesabu vyote. Kimoja alikikuta kina mtu ndani, ikabidi angoje.

Maalim kanipa ripoti ya mwisho ya wafadhili niimalize. Wanauliza ni shughuli gani ya mradi iliyobadilisha sera. Nimekaa mbele ya swali hilo asubuhi yote, mguu unatingishika. Semina? Vikao? Nikaandika: ziara ya kijijini. Madafu sikuyaandika.

Jumapili, 19 Januari

Nimekuja tangu jana. Mafundi wamefunga mfereji wa bomba pembeni mwa nyumba ya mama, na leo asubuhi wamefungulia maji. Majirani walikuja na ndoo zao, wakaacha nafasi ya mbele kwa mama. Sijui nani aliamua.

Mfereji ulitoa upepo, ukatema maji mekundu, ukatulia. Yakaja meupe.

Mama hakuonja. Ndoo hakuigusa. Alijaza kopo, lile la siku ya mgeni, akafunga mfereji vizuri. Akaenda zake chooni, taratibu, kwa magoti yale yale. Mlango mpya unatazama muhogo wa jirani. Akaingia, akaufunga.

Hakuna aliyeteka. Sote tulisimama pale na ndoo zetu, tukamsubiri.